Uzito wa Gitaa Haumo Kwenye Spika Kubwa

Mwambie fundi mitambo yeyote wa Mwanga au Ujiji, kule Kigoma, akuongezee uzito kwenye gitaa, naye atafanya yaleyale: volyumu juu, kitasa cha besi chote kulia, na taa nyekundu ya mikseri ikianza kuwaka atakuambia hapo ndipo penyewe. Kinachotoka ni kelele, na baada ya nyimbo mbili waliokaa mbele wanaanza kusogeza viti nyuma. Tabora nako ni hivyohivyo, tena huko mara nyingi gitaa huchomekwa kwenye mikseri moja kwa moja, bila amplifaya.

Dawa ya ugonjwa huu imo kwenye albamu mbili za kundi la WITCH la Zambia: Zango ya 2023, na Sogolo, iliyotoka Juni 2025. Ni roki nzito ya saikedeliki, ile yenye gitaa linalokwaruza, kinanda kinachoelea na nyimbo zisizo na haraka ya kufika kwenye kiitikio. Ukizisikiliza kwa sikio la fundi unagundua kwamba uzito wake unatokana na chombo kimoja kichafu kilichowekwa katikati ya vyombo safi. Bendi zetu za ukanda huu zinafanya kinyume, kila chombo kichafu kidogo, halafu zinashangaa kwa nini wimbo umekuwa uji.

Kwa wasiolijua kundi lenyewe: WITCH ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zambia ikila matunda ya shaba, na wakawa nguzo ya mtindo ulioitwa Zamrock. Rais Kenneth Kaunda alikuwa ameagiza redio ya taifa ijaze muda wake kwa muziki wa nyumbani, asilimia 95 ndiyo inayotajwa, na vijana waliokulia kwenye roki ya Uingereza na Marekani wakajibu kwa kutengeneza yao. Baadaye bei ya shaba ikaanguka, kisha ukimwi ukawamaliza wengi wa wanamuziki wale. Mwimbaji Emmanuel Chanda, anayejulikana kama Jagari kwa kufananishwa na Mick Jagger wa Rolling Stones, ndiye aliyebaki kulibeba jina. Zango aliirekodi yeye na mpiga kinanda Patrick Mwondela katika DB Studios ya Lusaka, studio ambayo kundi lilikuwa likiitumia tangu zamani, safari hii wakiwa na vijana kutoka Ulaya, mmoja wao Jacco Gardner wa Uholanzi kwenye besi. Ilikuwa albamu yao ya kwanza baada ya takriban miaka 40.

Sasa tazama ramani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kwa miaka mingi MV Liemba ilikuwa ikitoka Kigoma kushuka hadi Mpulungu, bandari ya Zambia. Kwa njia ya maji hawa ni majirani. Lakini gitaa la Kigoma halikutazama kusini, lilitazama magharibi, Kongo, na likaja na tabia za huko: solo safi, nyuzi zinazong'aa, magitaa mawili au matatu yanayopokezana bila kukanyagana. Tabora ikajenga juu ya msingi huohuo. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz yenye mtindo wake wa Segere Matata zilipiga magitaa yasiyo na mkwaruzo. Mtu akikuimbia "Dada Asha" ya Shem Karenga leo, gitaa lake unalisikia kichwani nukta kwa nukta, kwa sababu lilipigwa kwa nafasi.

Wapo wanaoona urithi huo ni kikwazo, kwamba ukitaka kupiga roki nzito sharti usahau mkono wa dansi. Nadhani wamekosea kabisa. Mkono wa dansi ndio unaohitajika, ila unatakiwa kujua ni wapi pa kuweka uchafu na ni wapi pa kuuzuia. Na hapa ndipo penye elimu halisi ya jambo hili, kwa hiyo tukae kidogo.

Chombo kinacholeta ule mkwaruzo huitwa fazi. Ni kisanduku kidogo cha mguuni ambacho hulikuza wimbi la gitaa kupita uwezo wake, hadi vilele vyake vya juu na chini vikatwe na wimbi libaki karibu na umbo la mraba. Wimbi likikatwa hivyo, kila sauti mbili zinazoingia pamoja huzaa sauti za ziada ambazo hazikupigwa: jumla yake na tofauti yake. Chukua do na sol kwenye nyuzi nene za gitaa. Do ikiwa E ya chini, inatetemeka mara 82 kwa sekunde. Sol yake, yaani B, mara 123. Tofauti ni 41. Na 41 ni E ileile, oktava moja chini zaidi, mahali ambapo gitaa haliwezi kufika kwa nyuzi zake. Mpigaji amegusa nyuzi mbili, msikilizaji anasikia jitu. Huo ndio uzito, na umetokana na hesabu ya kutoa.

Sasa piga do na mi kupitia fazi hiyohiyo. Mi, G-sharp, inatetemeka karibu mara 104. Tofauti ni 21 na ushei, sauti iliyo kwenye ukingo wa kile ambacho sikio linaweza kushika, na wala haikai sawasawa na noti yoyote ya wimbo. Unachosikia ni mngurumo wenye kutetemeka, kama lori la mawe linalopanda mlima. Ongeza noti ya tatu na mambo yanaharibika zaidi. Na mkono wa Kikongo, ndio mkono wa Kigoma, unapenda nini? Unapenda do na mi zinazotembea sambamba, mi na do ya juu, noti mbilimbili zinazopanda na kushuka pamoja. Ni tamu ajabu kwenye gitaa safi. Kwenye fazi ni matope. Kijana anasikia matope, anadhani fazi haina nguvu ya kutosha, anaongeza fazi, matope yanazidi.

Suluhisho halimlazimu mtu kuacha mtindo wake. Gitaa moja lichukue fazi na lipige noti mojamoja, au do na sol tu. Gitaa la pili libaki safi kabisa na lichukue zile noti mbilimbili, juu zaidi kwenye shingo, kuanzia freti ya saba, kile chuma cha saba cha shingoni, kwenda mbele. Rithim ipunguziwe kazi. Mapigo mawili kwa kila mzunguko yanatosha. Zango imejengwa kwa fikra hiyo. Kwenye wimbo "Waile", mkwaruzo wa gitaa unasikika mkubwa kwa sababu kinanda na midundo vinavyouzunguka vimeachwa na sura zake. Wimbo mwingine unaitwa "Unimvwesha Shuga", na Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ile "-esha" ya mwisho ni ileile yetu, na sukari ni sukari. Ladha ya albamu nzima iko hivyo, unaitambua kabla hujaielewa.

Sitaisifu yote. "Avalanche of Love", waliyomshirikisha rapa wa Zambia, Sampa the Great, ni wimbo mzuri wa redio, lakini gitaa linasukumwa pembeni na wimbo unapoteza ule mkwaruzo unaozibeba nyimbo za mwanzo. Sogolo nayo, ambayo jina lake kwa Kinyanja linazungumzia wakati ujao, imewapa nafasi kubwa zaidi Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo kwenye sauti. Kwa muziki wa aina hii ambao mara nyingi humwachia mwanamume mmoja apige kelele juu ya gitaa, sauti za wanawake wawili zinazoitikiana ni faida, maana zinakaa juu ya eneo la fazi bila kupigania nafasi. Kwa anayetaka somo la wazi zaidi, atafute Africa ya kundi la Amanaz, ya 1975. Lebo ya Now-Again iliirudisha sokoni ikiwa na miksi mbili, moja kavu na nyingine iliyochovywa kwenye mwangwi. Nyimbo zilezile, upigaji uleule. Sikiliza moja asubuhi na nyingine jioni. Utajua mwangwi unaongeza nini na unaiba nini.

Turudi kwenye fazi yenyewe, kwa sababu watu wengi huishia hapo wakisema pedali haziuzwi Kigoma. Zisiuzwe. Fazi ya miaka ya 1960, ile ya duara iliyotengenezwa London na Arbiter kuanzia 1966 na ikatumiwa na Jimi Hendrix, ina vipuri ambavyo fundi redio yeyote anavyo kwenye kopo lake: transista 2, rezista 4, kapasita 3, vitasa 2 vya kuzungusha na betri ya volti 9. Basi.

Transista ina miguu mitatu: besi (si ile ya muziki), kolekta na emita. Kwa transista za silikoni za aina ya NPN saketi iko hivi. Sauti ya gitaa inaingia kupitia kapasita ya mikrofaradi 2.2, upande wake chanya ukielekea kwenye besi ya transista ya kwanza. Emita ya hiyo ya kwanza inakwenda ardhini, kolekta yake inapata umeme kupitia rezista ya kilo-om 33 na imeunganishwa moja kwa moja na besi ya transista ya pili. Emita ya pili inakwenda ardhini kupitia kitasa cha kilo-om 1, ambacho ndicho kitasa cha fazi. Mguu wa kati wa kitasa hicho unakwenda ardhini kupitia kapasita ya mikrofaradi 22, chanya ikitazama kitasa. Kutoka emita hiyohiyo rezista ya kilo-om 100 inarudi kwenye besi ya transista ya kwanza. Kolekta ya pili inapata umeme kupitia rezista mbili zilizofuatana, kilo-om 8.2 upande wa transista na om 330 upande wa betri, na sauti inachukuliwa pale zinapokutana, ikipita kapasita ya mikrofaradi 0.01 hadi kitasa cha volyumu cha kilo-om 500.

Kosa la kwanza hutokea kwenye miguu ya transista. Bodi za redio na televisheni chakavu zimejaa C945, na vipuri vipya vinavyopatikana kwa urahisi ni BC547. Zinafanana kwa umbo na zote zinafaa, lakini ukizitazama upande bapa, BC547 ni kolekta, besi, emita kutoka kushoto, na C945 ni emita, kolekta, besi. Fundi anayebadilisha moja kwa nyingine bila kusogeza miguu atapata kisanduku kinachonong'ona au kisichosema kabisa, na atalaumu mchoro. Pima kwa mita kabla ya kuchomea risasi. Ukiwa nayo hiyo mita, pima na nguvu ya ukuzaji: transista yenye 100 hadi 200 hutoa fazi yenye mwili, ile ya 500 inatoa mchuruziko mkali na kelele ya mvuke hata usipopiga. Kwa BC547, ile yenye herufi A mwishoni ndiyo ya kutafuta. C iachie kazi nyingine.

Baada ya kuunganisha, pima volti kwenye kolekta ya transista ya pili. Unataka karibu 4.5, nusu ya betri. Ikisoma 8 na zaidi, transista haipitishi umeme wa kutosha. Ikisoma chini ya 1, imezama. Toa ile rezista ya kilo-om 8.2, weka kitasa kidogo cha kilo-om 20 mahali pake, kizungushe hadi mita iseme 4.5, kisha kiache hapo. Dakika 5 za kazi hii ndizo zinazotofautisha fazi inayoimba na fazi inayokatakata mwisho wa noti kama redio yenye betri mbovu.

Utakutana na wajuzi watakaosema fazi ya kweli ni ya transista za jemaniamu, za kizamani. Kwa London sawa. Jemaniamu huvujisha umeme, na uvujaji huo hupanda karibu maradufu kila joto likiongezeka nyuzi 10. Pedali iliyosawazishwa saa 12 asubuhi mjini Tabora, mwezi wa Oktoba, saa 8 mchana chini ya bati itakuwa pedali nyingine. Silikoni haijali sana joto. Nani ana muda wa kubeba barafu jukwaani?

Kitu kingine kinachowasumbua watu ni mahali pa kuiweka. Fazi ya aina hii inataka kuliona gitaa uso kwa uso. Ukiweka katikati yao pedali ya kutyunia, kifaa cha gitaa kisichotumia waya, au ukitumia gitaa lenye betri ndani, sauti inakuwa kali na nyembamba, na ile hila tamu ya kupunguza volyumu ya gitaa ili fazi isafike inapotea. Pedali ya wawa ikitangulia fazi, mara nyingi hupiga mluzi, ipeleke nyuma. Mwangwi uwe baada ya fazi, la sivyo kila marudio yanakatwa upya na kila kitu kinagandana. Jeki ya kuingilia iwe ya stereo, mguu wake wa kati ukibeba hasi ya betri, ili ukichomoa waya betri ipumzike. Kisanduku hiki kinakula umeme mdogo sana, kwa hiyo betri moja itakaa miezi kwa anayekumbuka kuchomoa. Adapta za simu na za kompyuta zikae mbali. Zinaleta msonyo ambao fazi, kwa kazi yake ya kukuza kila kitu, itaupandisha kuliko gitaa lenyewe. Na ikianza kukuletea taarifa ya habari, maana fazi hushika redio vizuri sana, weka kapasita ya pikofaradi 47 kati ya besi na kolekta ya transista ya kwanza. Kisanduku cha chuma kilichounganishwa na ardhi husaidia pia. Kopo la maziwa ya unga linafaa.

Kisha kuna lile la kuchomeka fazi kwenye mikseri. Sauti inayotoka inafanana na mzinga wa Tabora uliochokozwa kwa kijiti, na sababu yake ni nyepesi. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kufa yenyewe kwenye hezi 5,000, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde, na muziki huu wote ulitengenezwa kwa kutegemea kufa huko. Spika za ukumbini zina honi inayofika 15,000 na zaidi, hivyo zinatoa kila mchubuko ambao spika ya gitaa ingeuficha. Kama huna amplifaya ya gitaa, kata kila kitu kilicho juu ya hezi 5,000 kwenye njia hiyo ya mikseri, na ukate bila huruma. Kama unarekodi kwenye kompyuta, programu ya kuiga kabati la spika itafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Zipo za bure.

Chini nako kuna mkasi. Gitaa lenye fazi likatwe chini ya hezi 80 au hata 100. Watu wanaogopa hapa, wanadhani wanaukata uzito. Hapana, wanampisha mpiga besi. Kumbuka ile sauti ya 41 inayozaliwa na do na sol: ni E ya waya mnene wa besi, kamili. Zikipigwa zote mbili na besi ikiwa imepishana kidogo tu kwenye kutyuni, zitatetemekeana na sakafu itaonekana kulegea. Kwa hiyo besi ityuniwe kwa kifaa, ikaguliwe baada ya kila wimbo, na iwe safi au na mkwaruzo mdogo sana. Mpiga besi wa dansi aliyezoea kutembea atalazimika kukaa. Noti mbili kwa mzunguko, ndefu, zikianza pamoja na drumu la mguu. Si kazi ya kuchosha kama inavyosikika, maana noti ndefu inaonyesha kila kosa la kidole.

Vyumba vyetu navyo vina mchango wake. Chumba cha mita 4 kina mlio wake wa asili kwenye hezi 43, palepale tulipo. Simama kwenye kona, besi itakupiga kifuani. Simama katikati, itatoweka. Mtayarishaji anayekaa katikati ya chumba chake anasikia besi ndogo, anaongeza, na wimbo ukifika kwenye gari unatikisa vioo. Asogee mbele, karibu na theluthi ya urefu wa chumba, na kabla ya kuamua lolote atembee hadi ukutani akasikilize. Trei za mayai zilizobandikwa kutani hazifanyi chochote hapa chini; hupunguza kidogo mlio wa juu na kukusanya vumbi. Magodoro mawili manene yaliyosimamishwa kwenye kona, au magunia yaliyojazwa pamba kwa walio karibu na Igunga na Nzega, yanafanya kazi ya maana zaidi, ingawa nayo hayafiki 43. Bati halina dawa. Rekodi drums kati ya Juni na Agosti, mvua isiwepo.

Kwa drums zenyewe maiki 3 zinatosha, na kwa muziki huu 3 ni bora kuliko 8. Moja juu ya sneya kwa mita 1 hivi, ya pili pembeni mwa tomu kubwa ya chini ikitazama sneya, ya tatu kwenye drumu la mguu. Chukua uzi, shika ncha moja katikati ya sneya, na uhakikishe maiki mbili za kwanza ziko umbali sawa kabisa. Zikitofautiana kwa sentimita 30, sauti inafika maiki moja ikiwa imechelewa karibu milisekunde 1, na zikichanganywa zinafutana kwenye eneo la hezi 570. Sauti ya sneya inapita hapo. Utasikia sneya ya karatasi, utaongeza hiki na kile, na tatizo lilikuwa uzi wa senti chache.

Mwangwi upimwe kwa mapigo. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika: wimbo wa 72 unakupa milisekunde 833 kwa pigo moja, na robo tatu ya pigo ni 625. Weka gitaa la solo kwenye 625, marudio matatu au manne, na noti zitaanza kujibizana zenyewe, karibu na zile tabia za kupokezana za magitaa ya dansi. Hiki ndicho kipande ambacho mpigaji wa Kigoma atakifanya vizuri kuliko Mzungu, kwa sababu kupokezana anakujua tangu utotoni, hata kama aliyekuwa akimpokea alikuwa mtu na sasa ni mashine.

Kwenye uimbaji kuna mtego ambao vitabu vya wenzetu havitautaja. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu. Ukiweka mwangwi mzito juu ya sauti, irabu moja inamwagikia nyingine, na "naondoka" inakuwa "aaooaa". Kiingereza kina vizibo vya t, k na s vinavyokata maji. Sisi tuna mlango wazi. Kwa hiyo mwangwi wa sauti ucheleweshwe milisekunde 60 hadi 80 kabla haujaanza, ukatwe chini ya hezi 300, na mashairi yawe machache. Mistari 4 inayorudiwa ina nguvu kuliko beti 5 zisizosikika. Uchelewesho huo ukiwa mfupi sana, maneno yanazama. Ukipita 120 unaanza kusikia watu wawili.

Mwishoni kabisa, kwenye kazi ya masta, yaani kuuandaa wimbo uliokwisha kuchanganywa, kuna hamu ya kuusukuma wimbo ulingane kwa ukali na bongo fleva iliyotangulia kwenye orodha. Fazi haina vilele, vilikatwa zamani kule kwenye kisanduku. Ukibana miksi nzima, kinachobanwa ni drums peke yake, na gitaa linabaki palepale likiwa limewameza. Ubanaji usizidi desibeli 2 au 3 kwenye vilele. Wimbo ukiwa mdogo kwa sauti, msikilizaji ataongeza mwenyewe.

Na faili lenyewe lilindwe. MP3 ya kilobiti 128 inastahimilika kwa sauti ya mtu na kinanda, lakini fazi imejaa kila mahali kwenye masafa, na mashine ya kubana haijui itupe nini. Inatupa ovyo, na sahani za drums zinaanza kuzunguka kama maji kwenye sinki. Toa kwa 320 au kwa WAV. Ukimtumia mtangazaji wa redio au mwenye ukumbi kwa WhatsApp, usiitume kwa kuiambatisha kama sauti. Itume kama hati, ifike ilivyoondoka.